Mtu wa Chini ya Gogo

Katika ua ule wa kupasulia mbao kulikuwa na mashimo matano, na kila shimo lilikuwa na watu wake wawili: mmoja juu ya gogo, mmoja chini. Gogo hulazwa juu ya shimo kwenye miti miwili iliyokingamishwa. Wa juu hushika mpini wa juu wa msumeno mrefu, wa chini akashika wa chini, wakaanza kuvutana tangu asubuhi mpaka jua linapoegemea ukuta. Wa juu ndiye mwenye macho. Yeye ndiye anayepiga uzi uliochovywa kwenye maji ya mkaa, ukaacha mstari mweusi, naye akaufuata kama mtu anavyofuata dini yake. Wa chini kazi yake ni kuvuta na kula vumbi. Kila mvuto humwagia unga wa mbao usoni, puani na ndani ya kola ya shati, na akifungua mdomo kusema neno, unga huingia kabla neno halijatoka.

Kwa sababu hiyo ua ule ulikuwa na sheria isiyoandikwa popote: gogo kwa gogo. Ukipasua moja ukiwa juu, la pili unashuka, mwenzako anapanda. Hata waliogombana walipokezana. Walinuniana, lakini walipokezana.

Shimo la mwisho, lililopakana na ukuta, ndilo pekee lisilofuata sheria hiyo. Juu alikuwa Mstari, chini alikuwa Shemeji, na ilikuwa hivyo kwa miaka kumi na tisa.

Mstari aliitwa Mstari kwa kuwa mbao zake zilinyooka. Maseremala walikuja na vipimo vyao wakaondoka wameridhika. Alikuwa mtu wa maneno machache na kifua mbele, mtu ambaye hata akiketi kula hukaa kama amesimama juu ya kitu. Shemeji alikuwa mdogo wa mke wake. Aliletwa pale akiwa kijana mwembamba asiye na kazi, kwa maombi ya dada yake, na siku ya kwanza Mstari alimwambia aanzie chini apate kujifunza. Ua mzima ukamwita Shemeji, hata wale wasio na dada wala mke wa kuwaunganisha naye. Akaanzia chini, na huko ndiko alikobaki. Redio, mpasuaji wa shimo la pili, aliyepewa jina hilo kwa kuwa hakuzimika tangu anafika mpaka anaondoka, alikuwa akisema kwamba Shemeji angekuwa kiazi angekwisha kuchipua. Watu wakicheka, Shemeji naye alicheka, mdomo umefumbwa, kama wa chini wote wanavyocheka.

Mara moja tu aliomba. Ilikuwa mwaka wa kumi hivi, alipoanza kukohoa asubuhi. Alijipangusa uso, akatazama juu, akasema taratibu, "Shemeji, hili linalofuata nipande mimi, kifua kipumzike."

Mstari alikuwa anafunga uzi. Hakukasirika wala hakugeuka. "Chini ndiko unakokujua," akamjibu.

Basi. Neno hilo halikurudiwa, na mtu angedhani limekufa.

Macho ya Mstari yalianza kwa pembeni. Alikuwa akigonga bega mlangoni, akidhani kuna mtu kausogeza mlango. Halafu akaanza kuwapita watu njiani bila salamu, wakasema anaringa, na kwa kuwa tangu zamani alikuwa akiringa, hakuna aliyeshangaa. Alipokwenda kwa daktari wa macho aliambiwa ni presha ya macho. La kushoto lilikuwa limekwisha, la kulia lilikuwa njiani. Dawa ya matone ingechelewesha tu. "Kilichokwenda kimekwenda, mzee," daktari alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomuuma.

Alimwambia mkewe peke yake, maana lazima awepo mtu wa kumtia matone. Akamkataza asimwambie yeyote, hata ndugu yake. Mke aliuliza sababu. Mstari alimweleza kwamba asiye na macho hapandi gogo, asiyepanda hapati mwenza wa kupokezana naye, na msimamizi hamweki uani mtu asiye na mwenza hata siku mbili. Alikuwa na miaka hamsini na sita, na toka ujana hakuwa amejifunza kazi nyingine. Akitoka pale, angekuwa nani? Kila asubuhi baada ya sala mkewe alimlaza kichwa mapajani, akamfungua kope kwa vidole viwili, akadondosha.

Mficha uchi hazai, lakini Mstari alijiona mjanja. Baada ya kupiga uzi alianza kuufuatisha kwa ncha ya msumari, akichimba mfereji mwembamba juu ya gogo. Kisha akapanda peku. Akiwa anavuta, kidole gumba cha mguu kilitangulia mbele ya msumeno, kikipapasa mfereji. Redio alimwuliza siku hizi anapasua gogo au analilima. Mstari akajibu kwamba mkaa hufutika kwa jasho, msumari haufutiki. Na mbao zikaendelea kunyooka. Miaka miwili zilinyooka. Usiku kitandani aliusifu mguu wake kimoyomoyo. Alimshukuru Mungu kwamba amempokonya macho akamwachia ufundi.

Kisha Shemeji akaanguka na kifua. Aliishi chumba cha uani kwa dada yake, tangu mkewe alipofariki, na asubuhi ile hakutoka. Dada yake alimkuta amekaa kitandani ameshika magoti, anavuta pumzi kama mtu anayevuta maji kutoka kisima kirefu.

Siku hiyo uani kulikuwa na gogo ambalo kila mtu alilijua. Lilikuwa pana, halina fundo hata moja, lilikuwa limekauka kivulini tangu mvua za mwaka uliopita, na seremala alikuwa amelichagua mwenyewe kwa mabenchi ya nyumba ya ibada. Alisema lipasuliwe na Mstari, asiliguse mwingine. Mwenza wa Redio alikuwa amekwenda kuzika, kwa hiyo Redio akashuka shimoni mwa Mstari, akaahidi kunyamaza angalau kwa ubao mmoja.

Walipasua tangu asubuhi mpaka karibu adhuhuri. Mguu wa Mstari ulipapasa, msumeno ulishuka na kupanda, hakuna kilichokuwa tofauti, isipokuwa mara mbili alihisi mpini umekuwa mwepesi mno, kama mlango usio na mtu nyuma yake. Walipoangusha mbao chini, ua ulinyamaza, na Redio akanyamaza zaidi ya wote. Mbao zilikuwa nene upande mmoja, upande wa pili nyembamba kama ulimi. Katikati zilikuwa zimepinda, zikarudi, zikapinda tena. Gogo zima lilikuwa limekuwa kuni.

Mstari alizipapasa kwa kiganja. Alihitaji kuzipapasa, na wote walimwona akipapasa.

"Umevuta vibaya," akamwambia Redio.

Aliyejibu ni Tupa, mnoa misumeno, mtu wa ukali asiye na kidole cha shahada, aliyekaa kwenye kigogo chake karibu na lango tangu Mstari alipokuwa na nywele nyeusi.

"Kavuta ulivyomwambia," Tupa alisema. "Kakufuata wewe. Ndiyo shida."

Mstari akamwuliza ana maana gani. Tupa akanyanyuka, akauchukua msumeno wa shimo la mwisho, akamshikisha meno yake, kidole baada ya kidole. Akamwambia asikie: meno ya upande wa kulia yameisha, ya kushoto mazima. Msumeno hauishi hivyo kwa bahati mbaya. Unaisha hivyo ikiwa wa chini anaukaza mpini, anauminya kuurudisha kwenye njia, kila mvuto, kutwa nzima. Chini ya gogo nako kuna mstari. Shemeji alikuwa akiutazama huo. Miaka miwili alikuwa akibeba msumeno na macho ya mtu mwingine juu yake.

"Na wewe ulijua," Mstari alisema.

"Ninanoa meno, nitaachaje kujua? Alinikataza nisiseme. Alitukataza wote."

Wote. Neno hilo lilimpiga kuliko gogo. Kumbe walipomcheka kwa kulima gogo walikuwa wanacheka lingine. Kumbe walipompisha njia, ndoo ilipoondolewa mbele yake kabla hajaikanyaga, na magogo yake yalipoviringishwa mpaka shimoni bila yeye kuomba, haikuwa heshima. Alikuwa amevishwa nguo na watu mchana kweupe, akidhani amevaa mwenyewe.

Msimamizi alitoka ofisini, akazitazama mbao, akamtazama Mstari machoni kwa muda, akapitisha mkono mbele ya uso wake. Mstari hakupepesa. Msimamizi hakupandisha sauti. Alisema akabidhi msumeno, asirudi kesho.

Nyumbani mkewe alikuwa anakoroga uji wa mgonjwa. Mstari alimweleza mambo yote akiwa amesimama mlangoni, kwa hasira, kama aliyeibiwa. Alitegemea amhurumie. Mwanamke alisikiliza mpaka mwisho, akaepua sufuria.

"Macho yako nayatia dawa mimi," alisema. "Kifua cha ndugu yangu atakitia dawa nani?"

Akampa bakuli alipeleke mwenyewe.

Chumba cha Shemeji kilikuwa na kitanda, kiti kimoja na dirisha dogo, na kila kitu ndani yake, hata shuka lililofuliwa, kilinuka mbao. Mstari aliweka bakuli juu ya kiti kwa kupapasa. Hakuwa amewahi kuingia humo zaidi ya mara tatu. Alisimama akisikiliza ile pumzi. Alikuwa amekuja na maneno mengi, na yote yalikuwa makali.

"Kwa nini hukuniambia?" akauliza.

Shemeji alichelewa kujibu, si kwa kufikiri, kwa kutafuta pumzi. "Ungeshuka?"

Mstari alitaka kusema ndiyo. Lakini alikuwa mcha Mungu kwa namna yake, na uongo mbele ya mtu anayehema vile ulimshinda.

"Nisingeshuka."

"Haya. Ungefukuzwa, nami ningefukuzwa. Dada angelala njaa. Sikukuonea huruma wewe, shemeji. Usijipe mzigo huo."

Alikula uji vijiko vitatu. Mstari akakaa ukingoni mwa kitanda, na kwa mara ya kwanza tangu alipomwoa dada mtu, alikuwa amekaa chini kuliko yeye. Akasema alilokuja kusema bila kujua kwamba ndilo alilokujia: wakimruhusu kurudi, yeye atashuka, Shemeji apande.

Shemeji alicheka. Alicheka mdomo wazi, kikohozi kikamfuata, akajikunja mpaka paji la uso likagusa magoti. Kilipomwacha alijifuta macho. "Neno hilo nimelingoja miaka tisa," alisema. "Limekuja kifua kimekwenda."

Kesho yake Mstari hakwenda uani, lakini habari zilimfikia kupitia Redio, ambaye habari kwake hazilali. Hakuna aliyegoma. Hakuna aliyepaza sauti. Ila Tupa aliamka na mkono unamuuma, hawezi kunoa. Wapasuaji wakashuka na kupanda kwa adabu, wakavuta kutwa, na mashimo manne yakatoa mbao mbili. Msimamizi alipouliza walimjibu kwa upole kwamba meno yamekwisha, bosi, tutafanyaje. Siku ya pili ukatoka ubao mmoja na nusu. Redio alisimulia kwamba yeye mwenyewe alivuta mpaka akaanza kusinzia, na kwamba msumeno ulikuwa butu kiasi cha kuweza kumkunia mtoto mgongo. Siku ya tatu maseremala walipanga foleni langoni, msimamizi akaenda kwa Tupa akamwuliza mkono utapona lini. Tupa akasema mkono wake una tabia ya ajabu, huuma shimo moja likiwa tupu.

Hivyo Mstari alirudi, na Shemeji akainuka kitandani akajikongoja naye. Sharti la msimamizi lilikuwa moja: asionekane tena juu ya gogo, na shimo litoe gogo lake kila siku kama mengine, siku likishindwa, wote wawili waende.

Alishuka ngazi kinyumenyume, akihesabu vidato. Vilikuwa saba. Miaka kumi na tisa hakuwa amejua kwamba ni saba. Huko chini kulikuwa na ubaridi wa udongo na joto la vumbi kwa pamoja, na mpini wa chini, alipoushika, ulikuwa na mabonde mawili yaliyochimbwa na mikono ya mtu mwingine. Yake haikuenea vizuri humo. Juu alisikia nyayo za Shemeji zikijaribu gogo, polepole, kama mtu anayeingia chumba cha wakubwa.

Mvuto wa kwanza ulimjaza macho. Hayo hayakuwa na kazi tena, lakini yaliweza kuwasha. Wa pili ulimjaza pua. Kufikia adhuhuri koo lilikuwa kama limepakwa udongo, na alipotema, mate hayakutoka. Angemwambia nani? Kila alilotaka kulalamikia lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa juu ya kichwa chake akikohoa.

Walipasua magogo kumi na moja namna hiyo. Shemeji aliona mstari, Mstari alivuta. Kila baada ya mivuto ishirini wa juu alipumzika, na wa chini alisimama ameshika mpini, uso ameuinua, akisikiliza. Hawakuwa na mazungumzo. Siku ya gogo la nne tu Shemeji alisema kutoka juu, kama anayezungumza na hewa, "Kumbe ukuta wa jirani una maua." Na Mstari, ambaye alikuwa ameyaona maua hayo miaka yote bila kumtajia, aliinamisha kichwa.

Gogo la kumi na mbili ndilo lililomfundisha mikono. Walikuwa wamefika katikati, Shemeji akapumzika, akakaa muda mrefu. Kisha msumeno ukaanza tena, na mvuto wa tatu Mstari alijua kwamba mkono ule si wa Shemeji. Ulikuwa na pupa, ulikata mwanzoni ukalegea mwishoni. Huyo alikuwa Redio, na Redio alikuwa amefunga mdomo. Baadaye ukaja mkono mwingine, mzito, wa mtu wa shimo la kwanza. Halafu wa tatu. Wenzao walikuwa wanaacha mashimo yao kwa zamu, wanapanda kimyakimya ili gogo la siku litimie, na Shemeji alikuwa amelazwa kwenye kivuli cha ukuta, anakohoa kwa kujiziba ili kikohozi kisijulikane kinatoka pembeni.

Walikuwa wanamdanganya tena. Wamevua viatu ili asisikie.

Mstari alishika mpini. Safari hii hakuona aibu, wala hasira. Aliona uchungu tu, uliokaa pale pale penye vumbi. Alipaza sauti kidogo, akasema, "Polepole, shemeji, tuna siku nzima." Mkono wa juu ulisita. Kisha ukavuta, na kutoka upande wa ukuta sauti iliyokauka ikajibu, "Haya, shemeji."

Wakaendelea hivyo juma moja na siku mbili. Kila mtu alijua, na kila mtu alimwachia mwenzake nguo yake.

Shemeji alifariki asubuhi, dada yake amemshika mgongo. Wapasuaji wote walibeba jeneza, na mbao zake zilipasuliwa shimo la mwisho. Mstari, aliyevuta chini, aliomba ziwe nene. Kaburini walimshika mkono pande mbili, akatupa udongo wake mahali alipoelekezwa. Mkewe hakulia mbele za watu. Waliporudi nyumbani alimlaza kichwa mapajani, akamtia matone kama kila siku, ingawa jicho la kulia nalo lilikuwa limebaki na kiwaa tu. Kisha akageuza uso wake.

Siku ya nne Mstari alikwenda kazini mwenyewe kwa fimbo. Shimo lake lilikuwa limefagiwa. Msimamizi alikuwa amepewa jina la mtu mpya wa juu, na ukweli ni kwamba jina hilo lilikuwa la watu wanane. Walipanda kwa zamu, kila mmoja gogo lake, na ofisini hapakuwa na aliyeuliza, maana misumeno ilikuwa imenolewa vizuri. Siku hiyo ilikuwa zamu ya Redio. Walipomaliza gogo la kwanza, Redio, kwa mazoea ya ua, aliruka chini akainama kwenye mdomo wa shimo, akanyoosha mkono.

"Haya panda, mzee, tupokez..." Akakumbuka, akaurudisha mkono.

Mstari alikuwa anakohoa. Kilikuwa kikohozi kidogo bado, cha asubuhi. Alijipangusa uso kwa mkono wa shati, akapapasa mpini, akaweka viganja vyake katika yale mabonde mawili, ambayo sasa yalikuwa yanaanza kumwenea.

"Chini ndiko ninakokujua," alisema. "Piga uzi."